Baada ya Mtemi Kuanguka: Kwa Nini Watu Wazima Husoma Vitabu Teule vya Vijana

Utangulizi

Makala haya yalianzia kwenye alama moja niliyomnyima mwanafunzi. Katika mtihani wa mwisho wa muhula, niliwatungia wanafunzi wa Kidato cha Nne hapa Griftu swali la insha: "Haki hushinda mwishowe. Thibitisha kauli hii ukirejelea tamthilia ya Kigogo." Wengi walijibu kama tulivyozoea kuwafunza. Walitaja hoja sita au saba, kila hoja ikiwa na mfano wake, kisha hitimisho. Mwanafunzi mmoja alitoa hoja tano safi, halafu akaandika kwa hoja ya sita kwamba haki haijashinda bado, imeanza tu, kwa kuwa mchezo umekwisha kabla hatujaona kesi. Nikapiga mstari kwa kalamu nyekundu na kuandika pembeni: "Jibu swali."

Siku ya kufunga shule, babu ya mwanafunzi huyo alikuja kumchukua. Mzee huyo hakusoma shule. Kiswahili chake alikipata kwa kuendesha malori ya mifugo kwenda Isiolo na Nairobi. Tulipomaliza kusalimiana na kuulizana hali ya mvua na malisho, aliniambia: "Mwalimu, mjukuu wangu alinisomea kile kitabu chenu usiku, akinifasiria kwa Kisomali pale Kiswahili kilipokuwa kigumu. Kizuri. Lakini niambie, yule mkubwa baada ya watu kumkataa, alishtakiwa wapi? Na yule binti aliyeumizwa mguu, nani alimlipa?" Nilimjibu kwamba kitabu kinaishia hapo. Akacheka. "Basi mna kitabu cha pili?"

Swali la mzee huyu ndilo mada yetu. Kwa nini mtu mzima, tena asiyetahiniwa na yeyote, hushikwa na hadithi zinazowekwa mbele ya vijana kuhusu nchi za kubuni zilizooza? Na kwa nini yeye ndiye anayedai mwendelezo, ilhali mtahiniwa hutosheka na mwisho? Tutalijibu kwa kuipitia historia ya utanzu huu katika fasihi ya Kiswahili, kisha tutarudi darasani.

Fasihi ya vijana ni ipi kwetu?

Yafaa kwanza tufafanue istilahi mbili. Wahakiki huita distopia kazi inayosawiri jamii ya jinamizi, yaani nchi ya kubuni ambamo sheria, ujuzi au utawala umegeuzwa kuwa chombo cha kumkandamiza mwanadamu. Kinyume chake ni yutopia, nchi ya kubuni iliyo njema kupita kiasi. Mara nyingi dhana hizi mbili hukutana katika kitabu kimoja.

Istilahi ya pili, fasihi ya vijana, inahitaji uangalifu zaidi. Huko Marekani na Uingereza, kitabu huwa cha vijana kwa sababu mchapishaji amekiainisha hivyo na duka likakiweka kwenye rafu yake. Kwetu rafu hiyo ni ndogo. Kazi nyingi wanazozisoma vijana wa Kenya wenye umri wa miaka 16 hadi 19 hazikuandikwa kwa ajili yao pekee. Zimekuwa za vijana kwa sababu ziliteuliwa kutahiniwa. Said Ahmed Mohamed alipochapisha Utengano mwaka 1980, alikuwa akiwaandikia wasomaji wote wa Kiswahili. Mtaala ndio ulioipeleka riwaya hiyo mikononi mwa mtoto wa Kidato cha Tatu.

Tofauti hii ina matokeo yake. Kitabu teule hakikai kwenye rafu ya vijana, bali huingia nyumbani ndani ya mkoba wa mtoto. Kinakutana na mama, kaka aliyemaliza shule miaka mitano iliyopita, na babu asiyejua kusoma. Kwa hiyo tunapouliza kwa nini watu wazima husoma fasihi ya vijana, jibu la kwanza la Afrika Mashariki ni jepesi: mara nyingi ni kitabu kimoja kilicho ndani ya nyumba, na kimeandikwa kwa lugha ambayo mtu mzima anaweza kuifuata.

Hata hivyo, kuwepo kwa kitabu nyumbani hakutoshi kueleza kwa nini mtu akipende. Tuangalie historia.

Kutoka Kusadikika

Mzizi wa utanzu huu katika riwaya ya Kiswahili ni Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyochapishwa mwaka 1951 wakati Tanganyika ingali chini ya Waingereza. Nchi ya Kusadikika inaelea angani, na kwa sababu hiyo hakuna mtawala wa duniani ambaye angeweza kudai waziwazi kwamba ndiye aliyesemwa. Karama anashtakiwa kwa kosa la kueneza elimu ya sheria. Katika utetezi wake anasimulia habari za wajumbe sita, Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini, waliotumwa pande zote kutafuta mema ya kuijenga nchi yao na ambao waliporudi walilipwa kifungo. Mwishowe hoja zake zinashinda na waliofungwa wanafunguliwa.

Tuzingatie mambo mawili. Kwanza, uovu wa Kusadikika hautokani na jini wala shetani. Unatokana na baraza, na mashtaka, na waziri aitwaye Majivuno anayejua kusema. Pili, hadithi inaishia kwenye ushindi. Mfalme anasikia, sheria zinarekebishwa, na msomaji anafunga kitabu akiwa na faraja. Kwa msomaji wa mwaka 1951 faraja hiyo ilikuwa na kazi yake. Uhuru ulikuwa bado mbele, na watu walihitaji kuamini kwamba neno la haki likisemwa vizuri litasikika.

Shaaban Robert alifariki mwaka 1962, miezi michache tu baada ya Tanganyika kujitawala. Hakuipata nafasi ya kuandika kuhusu Kusadikika ya miaka 10 baadaye. Kazi hiyo iliachiwa wengine.

Mwaka 1967, mwaka uleule wa Azimio la Arusha, Fortunatus Kawegere alichapisha Shamba la Wanyama, tafsiri ya kazi ya George Orwell ya mwaka 1945. Orwell mwenyewe aliiita hekaya, na tangu hapo imekuwa ikifundishwa kwa vijana katika nchi nyingi. Ukiitazama kwa makini, utaona kwamba kitabu hicho kinaanzia mahali ambapo Kusadikika inaishia. Mwenye shamba anafukuzwa mapema sana, na kurasa zote zinazobaki zinasimulia yaliyofuata. Kijana hucheka nguruwe wanapojifunza kutembea kwa miguu miwili. Mtu mzima aliyeshuhudia sherehe za uhuru, kisha akashuhudia yaliyofuata baada ya miaka 15, hacheki sana.

Mwendelezo wa Kezilahabi na wa Mkangi

Mfano ulio wazi zaidi wa mwendelezo wa aina hii katika Kiswahili ni vitabu viwili vya Euphrase Kezilahabi, Nagona (1990) na Mzingile (1991). Vyote ni vyembamba, kila kimoja chini ya kurasa 100, na vyote vimewatoa jasho wahakiki. Katika Nagona, msimulizi anazunguka katika ulimwengu wa magofu na ukimya akitafuta ukweli, na njiani anakutana na wanafalsafa waliokwisha kufa zamani. Kitabu kinaelekea kwenye ngoma kuu na matarajio ya kuzaliwa kwa mkombozi. Msomaji anayekifungua Mzingile akitaraji kumwona mkombozi huyo akitawala hukutana na jambo jingine kabisa: msimulizi yuko safarini kumpelekea mzee mmoja taarifa ya kifo cha mwanawe. Ulimwengu wenyewe unaangamia, na watu wachache wanaosalia wanakabiliwa na kazi ya kuanza upya.

Kezilahabi hakuviandika vitabu hivi kwa ajili ya watoto wa shule. Ninavitaja kwa kuwa vinaonyesha kazi halisi ya mwendelezo katika utanzu huu. Kitabu cha pili hakiongezi tu matukio kwenye kile cha kwanza. Kinakichukua kile tulichokiita mwisho na kukiuliza maswali.

Kwa upande wa Kenya, Katama Mkangi alichapisha Mafuta mwaka 1984, kejeli kali ya jamii iliyogawanyika kati ya wenye navyo na wasio navyo. Mwaka 1986 aliwekwa kizuizini bila kushtakiwa na akaachiliwa mwaka 1988. Mwaka 1995 alitoa Walenisi. Humo, Dzombo anahukumiwa kifo na kurushwa angani ndani ya chombo ambacho hakikukusudiwa kumrudisha yeyote, lakini anafaulu kukiongoza hadi katika nchi ambayo watu wake huishi kwa usawa. Jina la nchi hiyo likikatwa vipande linasomeka "wale ni sisi". Mimi nakisoma Walenisi kama jibu la Mkangi kwa kitabu chake mwenyewe cha awali. Baada ya kuonyesha jinsi jamii inavyooza, na baada ya kuonja kizuizi, anajiuliza jamii iliyopona ingeonekanaje. Wahusika wa vitabu hivi ni tofauti, lakini mazungumzo ni yaleyale.

Itakumbukwa pia kwamba mwanzoni mwa miaka ya 2000 waandishi kadhaa waliurudia uwanja huu kwa nguvu. Said Ahmed Mohamed alitoa Babu Alipofufuka (2001), ambamo marehemu anarudi kumwonyesha mjukuu wake kile ambacho nchi imekuwa. Kyallo Wamitila naye alitoa Bina-Adamu! (2002) na Musaleo! (2004). Si ajabu kwamba babu na mjukuu wamewekwa pamoja katika riwaya ya Said Ahmed Mohamed. Mtu mzima ndiye mwenye kumbukumbu ya ahadi iliyotolewa, na kijana ndiye anayeishi katika kile kilichotimizwa au kutotimizwa.

Mwendelezo usio rasmi: kutoka Butangi hadi Matuo

Sasa tufike kwenye hoja kuu ya makala haya. Hakuna kitabu teule cha shule za sekondari za Kenya, katika hivi nitakavyovitaja, kilichoandikwa kuwa sehemu ya pili ya kingine. Hata hivyo, ukivipanga kwa mfuatano wa miaka vilipotahiniwa, utaona kwamba vinasomeka kama mfululizo mmoja mrefu wa nchi mbovu.

Hadi mwaka 2012 tulikuwa na Kifo Kisimani ya Kithaka wa Mberia. Nchi ni Butangi na mtawala ni Mtemi Bokono. Mwelusi anayepigania haki anauawa na ndugu yake wa damu, Gege, aliyevutwa na ahadi ya kumwoa binti wa Mtemi. Lakini umma unaamka na utawala wa Bokono unaporomoka.

Kuanzia mwaka 2013 hadi 2017 tulifundisha Mstahiki Meya ya Timothy Arege. Butangi imekwisha, na sasa tuko katika baraza la mji wa Cheneo. Hospitali haina dawa na wafanyakazi hawalipwi ipasavyo, huku Meya akishughulikia starehe zake na wageni wake. Anguko lake nalo linakuja. Sambamba na tamthilia hiyo tulikuwa na Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora, ambamo vijana wawili, Amani na Imani, wanakuta mtoto ametupwa mlangoni, wanampa jina la Uhuru, na mtoto huyo anafariki. Sijui mwalimu yeyote aliyewahi kuipita sehemu hiyo bila darasa kunyamaza.

Kuanzia mwaka 2018 hadi 2022 ikaja Kigogo ya Pauline Kea. Nchi ni Sagamoyo, mtawala ni Majoka, na soko la Chapakazi limefungwa. Tunu na Sudi wanasimama, wanaumizwa, na umma unashinda. Baada ya hapo ikaja riwaya ya Nguu za Jadi ya Clara Momanyi. Nchi sasa ni Matuo chini ya Mtemi Lesulia, na Mangwasha anapambana na ubaguzi wa kikabila na unyang'anyi wa ardhi hadi uongozi unapobadilika.

Mtahiniwa wa mwaka 2012 alimwona Bokono tu. Mtahiniwa wa mwaka 2019 alimwona Majoka tu. Kwa kila mmoja wao, dhalimu alianguka na kitabu kikafungwa. Lakini kuna wasomaji wawili waliobaki wakati watahiniwa wakipita. Wa kwanza ni mwalimu. Wa pili ni mzazi au babu mwenye watoto wengi, ambaye kila baada ya miaka mitano huona kitabu kipya kikiingia nyumbani. Msomaji huyo amemwona Bokono akianguka, akamwona Meya, kisha Majoka, kisha Lesulia. Kila mara watu walishangilia, na kila mara kitabu kilichofuata kilifunguka kwenye nchi iliyooza upya. Yeye peke yake ndiye aliyesoma mfululizo.

Hii, kwa maoni yangu, ndiyo siri ya mvuto wa utanzu huu kwa watu wazima. Kijana humsoma dhalimu kama kikwazo cha kuondolewa. Mtu mzima humsoma kama jambo linalorudi. Swali la kijana ni nani atashinda. Mtu mzima anataka kujua kilichotokea kesho yake, na swali hilo halijibiki ndani ya kitabu kimoja.

Hali hii si yetu pekee. Mwaka 2012, kampuni ya utafiti ya Bowker ilitangaza kwamba asilimia 55 ya wanunuzi wa vitabu vya vijana walikuwa na umri wa miaka 18 au zaidi. Wakati huo vitabu vilivyovuma vilikuwa vya Suzanne Collins: The Hunger Games (2008), Catching Fire (2009) na Mockingjay (2010). Kitabu cha pili ndicho kinachotuhusu. Katika cha kwanza, msichana Katniss anaokoka katika mchezo wa mauaji ulioandaliwa na dola. Cha pili kinamkuta amerudi nyumbani akiwa mshindi, lakini ushindi wenyewe umekuwa kifungo kipya. Anatembezwa nchi nzima kushangiliwa kwa niaba ya watawala walewale, kisha anarudishwa uwanjani. Ni rahisi kuelewa kwa nini mtu wa miaka 40, mwenye kazi, mkopo na kura kadhaa alizokwisha kupiga, asome kitabu hicho mpaka usiku wa manane. Kinazungumzia maisha baada ya ushindi, na hayo ndiyo anayoyaishi.

Msomaji wa Griftu

Tungeweza kuishia hapo, lakini historia ya mahali hubadilisha namna kitabu kinavyosomwa. Griftu iko magharibi mwa mji wa Wajir, katika eneo ambalo serikali ya kikoloni ililiita Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini na kulifunga kwa sheria za mwaka 1902 na 1934. Mtu hakuruhusiwa kuingia wala kutoka bila kibali. Uhuru ulipokuja Desemba 1963, mwezi huohuo ilitangazwa hali ya hatari katika eneo hili kwa sababu ya vita vya Shifta. Sheria zake maalumu zilidumu hadi mwaka 1991. Kwa maneno mengine, mtu aliyezaliwa hapa mwaka 1963 alifikisha umri wa miaka 28 kabla ya kuishi chini ya sheria zilezile walizoishi chini yake wenzake wa Nyeri au Kakamega.

Februari 1984, mwaka uleule Mkangi alipochapisha Mafuta, wanaume wa ukoo wa Degodia walikusanywa na vikosi vya usalama na kupelekwa katika kiwanja cha ndege cha Wagalla, karibu na mji wa Wajir. Walikaa huko siku kadhaa bila chakula wala maji, na wengi wakauawa. Idadi bado inabishaniwa. Serikali ya wakati huo ilikiri vifo 57. Wenyeji hutaja mamia, na wengine maelfu. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ililichunguza jambo hili na kuwasilisha ripoti yake Mei 2013. Machi 2015, Rais Uhuru Kenyatta aliomba radhi bungeni kwa niaba ya serikali kwa dhuluma zilizopita, akaitaja Wagalla, na akatangaza hazina ya shilingi bilioni 10 kwa ajili ya waathiriwa wa dhuluma za namna hiyo nchini.

Mimi nilizaliwa baada ya Wagalla. Nilikua nikisikia jina hilo likitajwa kwa sauti ya chini watoto walipodhaniwa wamelala. Kwa hiyo mzee aliponiuliza Majoka alishtakiwa wapi na nani alimlipa Tunu, nilichelewa kuelewa kwamba hakuwa akiniuliza kuhusu kitabu tu. Yeye alikwisha kuusoma mwendelezo. Aliona uhuru ukija na hali ya hatari ikija nayo. Aliona hali hiyo ikiondolewa. Aliona tume ikiundwa, ripoti ikitolewa na radhi ikiombwa. Aliona Katiba ya mwaka 2010 na kaunti ya Wajir ikianza kazi mwaka 2013. Kila moja ya hatua hizi ilikuwa mwisho mwema wa kitabu fulani. Na baada ya kila mwisho, alikuwa na swali lilelile la kuuliza asubuhi yake.

Hapa pia jina la tamthilia kama Kifo Kisimani lina uzito ambao hauko katika mwongozo wowote. Wajir ni nchi ya visima. Kisimani ndipo ngamia wanaponyweshwa, ndipo habari zinapopokewa, ndipo ugomvi unapoamuliwa. Mwanafunzi wa hapa anapoambiwa kwamba mpigania haki aliuawa kisimani na ndugu yake, hahitaji kufunzwa maana ya jazanda hiyo. Anajua kwamba kimenajisiwa kitu ambacho adui na rafiki hukiheshimu. Akimsimulia babu yake, wote wawili wananyamaza mahali pamoja.

Pingamizi moja

Msomaji makini anaweza kupinga. Je, si hatari kumfunza kijana kusoma kwa macho ya babu? Tukimwambia kwamba kila Bokono hufuatwa na Majoka, hatutakuwa tumempa sababu ya kukata tamaa? Pingamizi hili ni zito, na nimelifikiria sana, hasa kwa kuwa vijana wa eneo hili wana sababu za kutosha za kukata tamaa bila kuongezewa na fasihi.

Jibu langu ni kwamba waandishi wenyewe hawakatishi tamaa. Mwisho wa Mzingile hauwaachi waliosalia wakilia juu ya majivu, unawaachia kazi. Mkangi alitoka kizuizini akaandika kuhusu nchi ya usawa. Hata babu yule, ambaye ana kila haki ya kutoamini miisho mema, hakusema kitabu ni cha uongo. Alisema ni kizuri, kisha akaomba cha pili. Anayedai mwendelezo hajakata tamaa. Aliyekata tamaa hafungui hata cha kwanza.

Lililo hatari ni kinyume chake: kumfunza mtahiniwa kwamba dhalimu akianguka kazi imekwisha. Kijana anayetoka shuleni na imani hiyo atashangilia anguko la kwanza atakaloliona, atarudi nyumbani, na hataenda kuangalia kama soko limefunguliwa kwa haki, kama waliojeruhiwa wametibiwa, kama sheria imebadilishwa. Hapo ndipo nchi mbovu inayofuata huanza kujengwa.

Mwalimu afanyeje?

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, mwalimu awasimulie wanafunzi kwa ufupi vitabu teule vilivyotangulia. Kipindi kimoja kinatosha kuziweka Butangi, Cheneo, Sagamoyo na Matuo ubaoni na kuuliza: nani alitawala, alitumia nini kutawala, aliangushwa na nani, na kitabu kinanyamaza kuhusu nini? Safu ya mwisho ndiyo yenye faida kubwa.

Pili, wanafunzi waandike mwendelezo. Insha ya ubunifu yenye anwani kama "Sagamoyo, mwaka mmoja baadaye" humlazimu mwanafunzi kuwafahamu wahusika kuliko swali lolote la muktadha. Atalazimika kuamua Tunu atafanya nini na watu waliomtumikia Majoka, na atagundua kwamba uamuzi huo si mwepesi.

Tatu, tuwatume wanafunzi wakasome nyumbani kwa sauti. Katika jamii yetu, ambako hadithi husikilizwa jioni baada ya mifugo kurudi, kitabu teule kinaweza kuwa daraja kati ya lugha mbili na kati ya vizazi viwili. Mwanafunzi anayefasiri ukurasa mmoja kwa Kisomali na kurudi kwa Kiswahili amefanya kazi ya lugha kuliko zoezi la sarufi la saa nzima. Lakini tusimlazimishe mzee yeyote kusimulia yaliyomkuta. Kitabu kimfungulie mlango, na yeye aamue kama ataingia.

Kuhusu mtihani wa taifa, bado namshauri mtahiniwa ajibu swali lililoulizwa. Akitakiwa kuthibitisha kwamba haki inashinda, atoe hoja zake zote kwa mifano. Kisha, katika hitimisho, anaweza kuongeza sentensi moja kuhusu kile ambacho mwandishi amekiacha wazi. Hiyo si kwenda kombo. Ni ishara kwamba amesoma hadi ukurasa wa mwisho na akaendelea kufikiri.

Hitimisho

Tumeona kwamba fasihi ya nchi mbovu katika Kiswahili ilianza kwa kuahidi ushindi, ikaendelea kwa kuuliza maswali juu ya ushindi huo, na ikaingia shuleni ikiwa vipande ambavyo ni msomaji mzima tu anayeweza kuviunga. Mtu mzima havisomi vitabu vya vijana kwa sababu amerudi utotoni. Anavisoma kwa sababu anajua mengi kuliko kitabu kinavyosema, na anatafuta mtu wa kuzungumza naye kuhusu hayo. Mara nyingi mtu huyo ni mtoto aliyekileta kitabu nyumbani.

Shule ilipofunguliwa nilimwita yule mwanafunzi, nikaitoa karatasi yake, nikafuta maneno yangu ya pembeni na kumpa alama ya sita. Aliniuliza kilichobadilika. Nikamwambia nimezungumza na babu yake.

Maswali ya mjadala

1. "Mwisho wa tamthilia si mwisho wa tatizo." Jadili kauli hii ukirejelea kitabu teule unachokisoma.

2. Linganisha mwisho wa Kusadikika na mwisho wa Shamba la Wanyama. Ni upi unaomfaa zaidi msomaji kijana, na kwa nini?

3. Eleza mambo manne ambayo mwandishi wa kitabu chako teule ameyanyamazia katika sehemu ya mwisho. Je, ukimya huo ni dosari au ni mbinu?

4. Andika insha ya maneno 400 yenye anwani "Asubuhi ya pili" ukiendeleza kitabu chochote kilichotajwa katika makala haya.